Mwongozaji wa Filamu ni Msomaji Mwenzako

Hotuba kwa walimu, wanafunzi na wasomaji, Mbeya

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu mliojaa mpaka mlangoni, habari za asubuhi. Ugonile kwa waliotoka Tukuyu na Kyela. Kamwene kwa waliopanda basi alfajiri kutoka Makambako na Iringa, na baridi hii mnaijua wenyewe. Asanteni kwa kunialika niseme juu ya vitabu, na juu ya filamu zinazozaliwa na vitabu.

Katika miaka yangu yote ya kufundisha fasihi nimeulizwa swali hili na vijana wa kila rika: "Mwalimu, kama filamu ipo, kitabu nikisome cha nini?" Na wazee wenzangu wana lao, wanalisema kwa uchungu: "Filamu huharibu kitabu." Leo nitawapinga wote, vijana na wazee, na nitafanya hivyo kwa heshima kwa sababu kila upande una kipande cha ukweli.

Mtu anayetengeneza filamu kutokana na riwaya huanza kwa kuisoma riwaya yenyewe. Anakaa nayo. Anapenda hapa, anachoka pale, anamwona mhusika fulani ana sura ya namna fulani, anaamua hili libaki na lile liondoke. Tunachokitazama kwenye skrini ni usomaji wake. Ni msomaji mwenzetu, ila yeye amepata kamera, waigizaji na fedha za kutuonyesha alichokiona kichwani wakati anafungua kurasa. Ukienda kumtazama kabla hujasoma na usirudi kusoma, unaondoka na macho yake bila kuwa na yako. Ukisoma halafu ukakataa kumtazama, umekataa kuzungumza na mtu aliyekipenda kitabu kile kile unachokipenda wewe. Raha ninayotaka kuwaonyesha leo iko katika mazungumzo hayo.

Nianze na kitabu ambacho wengi mnakijua. Things Fall Apart ya Chinua Achebe ilitoka mwaka 1958, na Clement Ndulute akaitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Mwaka 1987 televisheni ya taifa ya Nigeria iliifanya tamthilia ya mfululizo, na Pete Edochie akawa Okonkwo. Kwa watu wengi waliomtazama, Okonkwo hana tena sura nyingine. Sauti ile nzito, kifua kile, namna anavyoingia mahali na watu wakanyoosha migongo. Edochie alimsoma Okonkwo vizuri, nami namheshimu kwa hilo.

Lakini twendeni sura ya saba. Ikemefuna, kijana aliyetolewa na kijiji chake kama fidia na kulelewa nyumbani kwa Okonkwo miaka mitatu, anatembea msituni na wanaume wa Umuofia, kwao Okonkwo. Ameambiwa anarudishwa kwao. Kichwani amebeba chungu cha tembo, nyuma yake yuko mtu anayemwita baba. Hapo Achebe anatuingiza ndani ya kichwa cha mtoto. Anamwaza mama yake: yu hai kweli? Anakumbuka wimbo wa utotoni, anauimba kimoyomoyo akiufuatisha na hatua zake. Wimbo ukiishia mguu wa kulia, mama yu hai. Ukiishia wa kushoto, amekufa. Kisha anajirudi haraka: hapana, hajafa, anaumwa tu. Wimbo unaishia kulia. Anauimba tena, unaishia kushoto. Lakini mara ya pili haihesabiwi.

Haihesabiwi! Nani kati yetu hakuwahi kupiga hesabu ya namna hiyo alipokuwa mtoto? Na kurasa hazijageuka nyingi, panga linashuka, mtoto anamkimbilia Okonkwo, na Okonkwo anammaliza kwa mkono wake mwenyewe kwa kuogopa kuonekana dhaifu mbele ya wanaume wenzake.

Sasa kamera itaonyesha nini pale? Kijana anatembea. Wanaume wamenyamaza. Wimbo unaoimbwa kimoyomoyo hausikiki, na mguu wa kulia na wa kushoto ni miguu tu. Mwongozaji hodari anaweza kutafuta njia, akatia sauti ya mtoto, akatia sura ya mama. Lakini ile haraka ya mawazo, ile "hapana, hajafa", inaishi ndani ya sentensi. Nilipokuwa nafundisha, nikifika ukurasa ule nilikuwa nasoma mwenyewe kwa sauti, simpi mwanafunzi. Wanaosema filamu haiwezi kuchukua nafasi ya kitabu wanasema kweli kwa ajili ya kurasa kama hizo.

Sasa nigeuze upande, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nitakaa kidogo. Ipo riwaya ambayo filamu yake inampa mtoto wa Mbeya kitu ambacho kurasa peke yake zinampa kwa shida sana. Nasema Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, na ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na sita wameikuta kwenye orodha yao. Ni Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa. Anaikimbia ndoa hiyo, anahamia mtaa wa Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma, na huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayepigania uhuru huku polisi wakimwandama usiku na mchana.

Mwaka 2021 Amil Shivji aliitolea filamu. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto huko Kanada, kisha Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo ya Oscar upande wa filamu za kimataifa. Kabla yake nchi yetu ilikuwa imewahi kupeleka filamu moja tu, Maangamizi, mwaka 2001. Miaka ishirini katikati. Na iliyovunja ukimya huo ilitoka kwenye riwaya ya Kiswahili ambayo mabinti na vijana mliokaa hapa mbele mnaibeba kwenye mabegi yenu.

Mfikirieni mtoto aliyekulia Isyesye au Mbalizi. Kwa bibi yake anaongea Kisafwa au Kinyakyusa, shuleni na sokoni Mwanjelwa anaongea Kiswahili cha kwetu. Bahari hajaiona, maji makubwa anayoyajua ni Ziwa Nyasa pale Matema. Anafungua riwaya, anakuta watu wa baraza na vichochoro, buibui na taarab, wanataniana na kutukanana kwa Kiunguja. Wanafunzi wangu wengi walikwama katika kurasa za mwanzo, na haukuwa uvivu. Walikuwa wanasoma mazungumzo ya watu ambao sauti zao hawakuwahi kuzisikia.

Filamu inawapa sauti hizo. Yasmin anakuwa na uso wa Ikhlas Gafur Vora, Denge anakuwa na mwendo wa Gudrun Columbus Mwanyika, na Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, ambaye hata nje ya filamu ni mwimbaji. Lafudhi inaingia sikioni. Unaona jinsi kichochoro kilivyo chembamba, kwa hiyo unaelewa kwa nini mtu anayewindwa anaweza kupotelea humo. Ukirudi kitabuni, mazungumzo yale yale yaliyokushinda yanaanza kusomeka, maana sasa unayasikia. Kwa hiyo walimu wenzangu, kwa kitabu hiki mimi nawashauri: anzeni na filamu. Najua wapo watakaonijia juu baada ya kikao. Waje, nitawasubiri nje.

Ila msiishie kwenye filamu. Filamu ina kama saa moja na nusu, riwaya ina miaka ndani yake. Shivji alisoma kitabu kile akashika zaidi mapenzi na hatari: Yasmin na Denge, giza, mwanga wa taa, macho yanayotazamana kwa muda mrefu bila neno. Ni usomaji mzuri na wa kijasiri, kwa sababu aliamini kuwa mtazamaji wa Tanzania anaweza kuvumilia ukimya. Adam Shafi kwa upande wake ana nafasi ya kukaa na kila mtu. Anakaa na Mwajuma, maskini asiyekunja mkono. Anakaa na wenzake Denge katika mikutano yao ya siri. Anakaa na askari weusi wanaomsaka mwenzao kwa niaba ya mkoloni. Anakaa na majirani na maneno yao. Na Yasmin wa kitabuni ana safari ndefu kuliko Yasmin wa kwenye skrini. Anakosea, anajuta, anaanza upya. Ukivijua vyote viwili utaweza kumwuliza Shivji: kwa nini hapa ulinyamaza? Na utaweza kumwuliza Shafi: kwa nini hapa ulisema sana?

Nami niseme jambo linaloniuma. Watu wanaposema vijana hawasomi riwaya kwa sababu ya muvi na sizoni, mimi sikubali. Adui mkubwa wa riwaya shuleni ni desa. Kurasa chache zilizotolewa kopi stesheneri: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, falsafa ya mwandishi. Mtoto anaingia kwenye mtihani akijua kwamba Denge ni jasiri, ana msimamo, ni mwanamapinduzi, na anafaa kuigwa na jamii. Anapata alama zake. Lakini hajawahi kukaa na Denge hata usiku mmoja. Hajawahi kumhofia. Mwanafunzi aliyeitazama filamu tu, hata kama hakugusa kitabu, anamzidi yule wa desa, maana yeye angalau moyo ulimdunda askari walipogonga mlango. Kwenye mdundo huo ndipo mwalimu anaweza kuanzia kazi.

Twende jirani. Ukishuka kutoka hapa kupitia Tukuyu hadi Kasumulu, ukavuka Mto Songwe, uko Malawi. Kule Karonga watu wanaongea Kingonde, na Mnyakyusa hahitaji mkalimani. Ukiendelea kusini zaidi unafika wilaya ya Kasungu, alikotoka William Kamkwamba. Kisa chake, The Boy Who Harnessed the Wind, alikiandika pamoja na Bryan Mealer na kilitoka mwaka 2009. Mwaka 2019 Chiwetel Ejiofor alikifanya filamu, akaigiza yeye mwenyewe kama baba wa William, na sehemu kubwa ya maneno yanasemwa kwa Kichewa.

Nadhani hakuna filamu ya Kiafrika ambayo mkulima wa Nyanda za Juu Kusini ataielewa haraka kama hii. Mahindi, ruzuku, mvua iliyokosa adabu, ada ya shule. Njaa ya mwaka 2001 hadi 2002 iliifilisi familia, kijana akatoka shule kwa kukosa ada, akawa anaenda maktaba ndogo ya shule ya msingi kusoma peke yake. Humo akakuta kitabu cha mambo ya nishati chenye picha ya vinu vya upepo. Akaokota feni ya trekta, mabomba ya plastiki, akachukua baiskeli ya baba, akasimamisha mnara wa miti ya milingoti, miti hii hii inayosimama kando ya barabara zetu.

Sasa sikilizeni tofauti. Katika filamu, kinu kinapandisha maji, maji yanafika shambani, na familia inaokoka. Katika kitabu, kinu kile cha kwanza kiliwasha taa, na njaa kali ilikuwa imeshapita. Pampu ya maji ilikuja baadaye. Je, Ejiofor amedanganya? Nimewasikia vijana wakibishana juu ya hili kwa hasira nzuri kabisa. Mimi naona Ejiofor alikisoma kitabu kama kisa cha baba na mwana. Ameuweka ugomvi wao juu ya baiskeli katikati ya filamu, na baba mkulima anayeona shamba linakauka hawezi kutoa baiskeli yake kwa ajili ya taa. Atatoa kwa ajili ya maji. Kwa usomaji huo, maji lazima yaje mwisho. Ni uamuzi wa msanii, na unasimama.

Hata hivyo mimi naipenda zaidi taa ya kitabuni. Kijana aliyefukuzwa na ada, anayelazimika kulala giza linapoingia kwa sababu mafuta ya taa ni ghali, anajitengenezea mwanga. Ameupata ujuzi huo kwa kusoma, na mwanga wenyewe unamwongezea saa za kusoma. Katika filamu duara hilo limefifia. Ukitaka kuliona ni lazima ukishike kitabu.

Upo usomaji mwingine ambao hatuuhesabu, nao ni tafsiri. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Hebu wazieni: kiongozi wa nchi changa, aliyeijua hadhara kuliko mtu yeyote, anakaa usiku kutafsiri tamthilia inayoonyesha jinsi hotuba moja inavyoweza kuugeuza umati wote. Chukueni hotuba ya Antoni mbele ya maiti ya Kaizari, msome kwa sauti, mmesimama, kwa Kiswahili cha Mwalimu. Halafu mtafute filamu ya mwaka 1953 ambamo Marlon Brando ni Antoni. Kuna mahali Brando anawageuzia umati kisogo, na sisi watazamaji tunauona uso wake wakati wao hawauoni: anapima moto umeshika kiasi gani. Tangu nilipokiona hicho, sijaweza kuisoma hotuba ile kama maombolezo ya rafiki peke yake.

Na wale wa mabanda ya video? Wengi wenu mmezikuta filamu za Kihindi na za Kichina zikisimuliwa na Lufufu, Derek Mukandala, aliyeweka sauti yake juu ya sauti za waigizaji, akawapa maneno yake, akaeleza, akaonya. Wapo wasomi waliolibeza jambo hilo. Mimi naliona ni kazi ya msimulizi, ile ile ya bibi kando ya moto na ile ya michezo ya kuigiza tuliyoisikiliza Redio Tanzania, tukazijua sura za watu tusiowaona.

Senegali alikuwapo Ousmane Sembène. Aliandika riwaya kwa Kifaransa, akaona kuwa watu anaowaandika hawawezi kuzisoma. Akaenda Moscow kusomea filamu, akarudi, akazigeuza hadithi zake mwenyewe kuwa filamu. Mandabi ya mwaka 1968 ilisema Kiwolofu. Xala ilikuwa riwaya mwaka 1973 na filamu mwaka 1975. Sembène alilazimika kwenda kwenye kamera ili awafikie watu wake kwa lugha yao. Sisi riwaya zetu zimeandikwa kwa lugha ambayo mama ntilie wa Kabwe na profesa wa chuo kikuu wanaisoma sawasawa. Hatuna kizuizi alichokuwa nacho Sembène, na kwa hiyo hatuna udhuru wake.

Nataka niwaambie vijana wa vyuo vya Mbeya na Iringa, hasa mnaoshika kamera kwenye harusi na kwenye video za muziki. Hapa kwetu kuna visa vilivyokaa ndani ya vitabu vinangoja msomaji mwenye kamera. Mugyabuso Mulokozi ameandika tamthilia ya Mukwava wa Uhehe. Wajerumani walipigwa Lugalo mwaka 1891, ngome ya Kalenga ikaanguka mwaka 1894, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akakataa kushikwa akiwa hai hadi alipojiua mwaka 1898, na fuvu lake likarudi Kalenga mwaka 1954. Someni tamthilia ile, kisha mwende Kalenga, mtembee mahali penyewe, ni karibu na mjini Iringa. Harrison Mwakyembe, mtu wa Kyela, alitoa riwaya ya Pepo ya Mabwege mwaka 1981. Ni wangapi humu mmeisoma? Claude Mung'ong'o alituachia Mirathi ya Hatari, kisa cha uchawi unaorithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Sinema zetu zinaupenda uchawi, lakini nyingi zinaishia kwenye moshi na kelele. Mung'ong'o anauliza mtu anafanya nini anapokabidhiwa ubaya na mzazi anayempenda. Filamu ya namna hiyo ningeitazama hata mara kumi.

Siwaambii mkaitengeneze kesho. Nawaambia mkasome kesho, maana mwongozaji ambaye hakukisoma kitabu kwa mapenzi hana cha kutuonyesha.

Sasa kazi tuliyokubaliana na wenyeji wetu. Tunaanza na Vuta N'kuvute. Filamu tutaitazama pamoja kwanza, kwa njia halali na si kwa kurushiana kwenye flashi, kwa sababu waliotoa jasho lao wanastahili kulipwa. Baada ya hapo tutakutana kila Jumamosi asubuhi kusoma riwaya kwa sauti, kila mmoja kurasa zake, wazazi nao wamo. Kitakachofuata ni Shujaa Okonkwo, na huko tutaanza na kitabu. Nakala ni chache, kwa hiyo mtakaa wawili wawili, na mwanafunzi atakayekuja na desa ataliacha mlangoni. Daftari la majina liko kwa mwalimu aliyekaa pale dirishani. Anzeni kujiandikisha wakati napokea maswali. Naona dada wa Iyunga ameshanyoosha mkono. Karibu, mwanangu.